Hodi Kambini: Historia Fupi ya Jicho la Nje Juu ya Jeshi

Miongoni mwa waajiri wote, jeshi lina tabia zake za peke yake. Mfanyakazi wa kiwandani akionewa na msimamizi wake anaweza kuacha kazi siku hiyohiyo. Mwalimu anaweza kukimbilia chama cha wafanyakazi. Karani anaweza kumshitaki mwajiri mahakamani, na jioni akalala kwake. Askari hana njia hizo. Akiondoka bila ruhusa ametoroka, na utoro ni kosa. Akigoma ameasi. Bweni lake limo ndani ya ua uleule wa kazi yake, daktari anayemtibu ana cheo, polisi anayempelelezea shauri lake ana cheo, na mtu anayemwonea huenda ndiye mwenye kalamu ya kuandika ripoti itakayoamua kama atapandishwa ngazi au atabaki alipo.

Basi swali la nani amsikilize askari mwenye malalamiko halikuwa kamwe swali dogo la utawala. Kwa karne nyingi lilijibiwa kwa namna moja tu: apeleke malalamiko yake kwa mkubwa wake. Waswahili wanaposema kesi ya ngedere, hakimu nyani, hawakuwa wakifikiria mabwalo ya maofisa wa Ulaya, lakini ni vigumu kupata maneno yanayoueleza utaratibu huo vizuri zaidi.

Hoja ya makamanda nayo isidharauliwe. Jeshi husimama juu ya amri. Kamanda atakayewaongoza watu kuelekea kwenye risasi lazima aaminike, tena aaminike upesi, na askari akizoea kuangalia nyuma ya bega la kamanda wake, akitafuta mtu mwingine wa kumwamulia, siku ya vita amri hiyo itakuwa imelegea. Hoja hii imetolewa katika kila nchi ambako suala hili limejadiliwa, aghalabu na watu waungwana waliopenda askari wao kwa dhati. Udhaifu wake ni kwamba inazungumzia vita, ilhali madhara mengi yanayohusika hapa yametokea wakati wa amani: bwenini, kwenye zamu za ulinzi, kwenye sherehe za kikosi, na katika ofisi yenye meza moja na viti viwili.

Wa kwanza kuikataa hoja hiyo kwa sheria walikuwa Waswidi. Nchi yao ilikuwa na ombudsmani wa Bunge tangu mwaka 1809, mtu aliyepewa kazi ya kuwaangalia majaji na watumishi wa serikali kwa niaba ya wananchi. Mwaka 1915, vita kuu ikiwa inaunguruma karibu na mipaka yake na vijana wengi wakiwa wameitwa jeshini, Bunge la Uswidi liliunda cheo cha pili, ombudsmani wa kijeshi. Mantiki yake ilikuwa ya watu wa shamba. Kijana hakwenda jeshini kwa hiari, bali sheria ilimtoa kwa wazazi wake. Waliotunga sheria hiyo walikuwa wabunge. Ikiwa Bunge ndilo lililomchukua mtoto wa watu, Bunge hilohilo lina wajibu wa kujua anatendewaje huko alikopelekwa. Cheo hicho kilidumu hadi mwaka 1968, kilipounganishwa na kile cha zamani. Norway nayo iliunda chombo chake mwaka 1952.

Wazo likavuka Bahari ya Baltiki likiwa ndani ya sanduku la mkimbizi. Ernst Paul, msoshalisti aliyekimbia utawala wa Hitler na kuishi Uswidi, alirudi na kuwa mbunge wa Ujerumani Magharibi. Nchi hiyo ilipoanza kujadili kuwa na jeshi tena, miaka michache tu baada ya jeshi lake la awali kuiangamiza nusu ya Ulaya, yeye ndiye aliyewaelezea wenzake juu ya ombudsmani wa kijeshi aliyemwona ugenini. Mwaka 1956 kifungu cha 45b kiliingizwa katika Katiba: Bunge litamteua kamishna wa kulinda haki za msingi za wanajeshi na kulisaidia Bunge kulisimamia jeshi. Sheria ya kina ikafuata mwaka 1957, na kamishna wa kwanza, Helmuth von Grolman, akaanza kazi mwaka 1959.

Mamlaka mawili ya kamishna huyo wa Kijerumani yanastahili kukumbukwa, kwa kuwa ndiyo nchi nyingine zilikuja kuyaogopa. La kwanza: kila askari, hata kuruta wa juzi, anaweza kumwandikia moja kwa moja bila kupitia kwa mkubwa wake yeyote, na ni marufuku kumwadhibu kwa kufanya hivyo. La pili: kamishna anaweza kuingia katika kambi yoyote, wakati wowote, bila kutoa taarifa. Habishi hodi. Sheria imeshamfungulia mlango.

Kipimo cha kwanza kikubwa kilikuja mwaka 1963 katika mji mdogo wa Nagold, kwenye kampuni ya kufundishia askari wa miavuli. Katika joto la Julai makuruta walipelekwa kwenye matembezi ya lazima. Mmoja wao alianguka njiani na kufariki siku chache baadaye. Uchunguzi ulionyesha kwamba mateso yalikuwa yamegeuzwa kuwa mbinu ya mafunzo: adhabu za kudhalilisha, mazoezi ya kumchosha mtu bila sababu, wakufunzi vijana waliojiona wafalme. Kampuni ile ilivunjwa na wakufunzi kadhaa wakafikishwa mahakamani.

Kamishna wakati huo alikuwa Hellmuth Heye, na hapa historia ina kichekesho chake. Heye hakuwa mwanaharakati wala mpenda amani. Alikuwa amefikia cheo cha juu katika jeshi la majini la utawala uliopita. Lakini alipoona Bunge linazipokea ripoti zake na kuziweka kando, alifanya jambo ambalo maofisa wa malezi yake hawalifanyi: katikati ya mwaka 1964 alichapisha mfululizo wa makala katika gazeti la picha la Quick, akiwaonya wananchi kwamba jeshi jipya lilikuwa linaanza kuteleza kurudi kwenye tabia za zamani. Ghadhabu iliyofuata ilimlazimisha kujiuzulu kabla ya mwaka kwisha. Hata hivyo baada yake hakuna Bunge la Ujerumani lililothubutu kuiacha ripoti ya kamishna ikae kabatini bila kujadiliwa.

Mwaka huohuo wa 1964 ulikuwa na somo lake Afrika Mashariki, ingawa somo hilo lilisomwa kwa namna nyingine. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliwakamata maofisa wao Waingereza na kuingia mitaani Dar es Salaam. Ndani ya siku chache askari wa Jinja nchini Uganda na wa Lanet nchini Kenya wakafuata. Madai yao yalikuwa ya kazi zaidi ya kuwa ya siasa: mishahara, na maofisa wa kigeni waliobaki kwenye viti vilevile hata baada ya bendera kubadilishwa. Yalikuwa malalamiko ya watu ambao njia yao pekee ya kulalamika ilipita kwa haohao waliolalamikiwa. Tarehe 25 Januari makomandoo wa Kiingereza walitua Colito kwa ombi la Mwalimu Nyerere na maasi yakazimwa.

Tanzania ilijibu kwa kulivunja jeshi lile na kuunda jingine, Jeshi la Wananchi, ambalo askari wake walikaribishwa katika chama na kuwekewa makamisaa wa siasa. Jibu hilo lilifanya kazi yake, kwani tangu hapo nchi haikupinduliwa. Lakini lilikuwa jibu la kumwangalia askari, si la kumsikiliza, na mambo hayo mawili hayafanani. Ajabu ni kwamba nchi hiyohiyo, mwaka 1966, ndiyo iliyokuwa ya kwanza barani Afrika kuwa na ombudsmani, kwa jina la Tume ya Kudumu ya Uchunguzi. Wazo la Uswidi lilifika Dar es Salaam mapema kuliko lilivyofika London, ambako ombudsmani wa Bunge alianza kazi mwaka 1967. Lilifika likiwa la raia anayenyanyaswa na watumishi wa umma. Askari anayenyanyaswa na sajini hakuwa ndiye aliyefikiriwa.

Nchi iliyochelewa kuliko zote, kwa kulinganisha na sifa yake ya utawala wa sheria, ni Uingereza. Historia yake ndiyo yenye mengi ya kueleza, kwa sababu kila hatua ya sheria yake ina kaburi nyuma yake.

Kambi ya Princess Royal ilikuwa Deepcut, katika jimbo la Surrey, kusini-magharibi mwa London. Hapo ndipo makuruta wa kikosi cha ugavi na uchukuzi walipelekwa kujifunza kazi baada ya mafunzo ya awali. Wengi wao walikuwa na miaka kumi na saba au kumi na minane. Nafasi za kozi zilikuwa chache, na vijana walikaa wiki nyingi wakisubiri, bila shughuli ya maana, chini ya wakufunzi wachache mno kwa idadi yao. Ili wasikae bure walipangiwa zamu za ulinzi usiku, wakiwa na bunduki.

Mnamo Juni 1995 Sean Benton, mwenye miaka 20, alikutwa amekufa kwa majeraha ya risasi. Novemba mwaka huo akafa Cheryl James, mwenye miaka 18. Septemba 2001 akafa Geoff Gray, na Machi 2002 James Collinson. Wote wawili walikuwa na miaka 17. Vifo vyote vinne vilitokea katika kambi hiyo moja, na vyote kwa risasi.

Haikuwa siri tangu mwanzo kwamba jeshi liliamini vijana hao walijiua. Lililowashtua wazazi ni namna imani hiyo ilivyotangulia uchunguzi. Katika vifo vya 1995 polisi wa kiraia wa Surrey waliwaachia kazi polisi wa kijeshi, kwa hiyo jeshi lilijichunguza lenyewe ndani ya uzio wake lenyewe. Vikao vya mahakama ya uchunguzi wa vifo vilikwisha kwa muda mfupi wa kutia aibu. Kwa Benton uamuzi ulikuwa kwamba alijiua. Kwa James, na baadaye kwa Gray na Collinson, uamuzi ulikuwa wa wazi, maana yake ushahidi haukutosha kusema alikufaje. Ni baada ya kifo cha nne tu, mwaka 2002, ndipo polisi wa Surrey walipoyafungua majalada yote upya, na walipomaliza walisema waziwazi kwamba jeshi lilihitaji kusimamiwa na mtu kutoka nje. Kauli ya namna hiyo kutoka kwa polisi haikuzoeleka.

Hapo mambo mengine yakaanza kutoka. Makuruta wa zamani walieleza juu ya kupigwa, kutukanwa, kuamshwa usiku kwa adhabu zisizo na sababu, na wasichana kushinikizwa na wakufunzi wao. Mwaka 2004 mkufunzi mmoja wa zamani wa Deepcut alifungwa kwa kuwadhalilisha kijinsia makuruta wa kiume. Kamati ya Ulinzi ya Bunge ilitoa ripoti yake mwaka 2005. Mwishoni mwa Machi 2006 ikatoka ripoti ya wakili Nicholas Blake, iliyoagizwa na serikali badala ya tume ya wazi ambayo wazazi walikuwa wakiidai. Blake aliona kwamba kwa uwezekano mkubwa vijana hao walijidhuru wenyewe. Lakini ripoti yake ndefu haikuishia hapo. Iliandika jinsi kambi inavyoweza kuwa mahali ambapo kijana aliyeelemewa hana mlango hata mmoja wa kugonga: padri yupo lakini haaminiki kutunza siri, mkubwa yupo lakini ndiye tatizo, na mwenzake wa bwenini ana shida zilezile.

Miongoni mwa mapendekezo yake 34, moja lilikuwa na uzito kuliko mengine: awepo kamishna wa malalamiko ya kijeshi, mtu asiyetoka jeshini, mwenye uwezo wa kusimamia uchunguzi wa malalamiko na hata kwenda mahakamani kupinga uamuzi wa kutomshitaki mtuhumiwa. Serikali ilikubali karibu kila kitu. Pendekezo hilo ilikubali jina lake. Sheria ya Majeshi ya mwaka 2006 iliunda cheo cha Kamishna wa Malalamiko ya Jeshini, na Susan Atkins akaanza kazi Januari 2008. Alichoweza kufanya ni kupokea barua ya askari na kuipeleka kwa kamanda, kisha kungoja aambiwe kamanda ameamua nini. Kwa lugha ya mtaani alikuwa tarishi mwenye ofisi nzuri. Sheria hiyohiyo, hata hivyo, ilimpa jambo moja ambalo serikali labda haikulipima vizuri: kila mwaka aandike ripoti, aseme kama utaratibu wa malalamiko ni wa haki, wenye ufanisi na unaokwenda kwa wakati. Mwaka baada ya mwaka akaandika kwamba hawezi kulithibitishia Bunge hivyo. Sentensi hiyo moja, ikirudiwa kwa utulivu na mtu ambaye hakuwa na silaha nyingine, ilifanya kazi ambayo mamlaka hayakumpa.

Lakini hata sentensi hiyo isingetosha bila kaburi jingine. Mwaka 2011 alikufa koplo wa kike wa polisi wa kijeshi, aliyekuwa amelalamika miaka miwili nyuma kwamba alibakwa na wenzake wawili. Uchunguzi wa pili wa kifo chake, mwezi Machi 2014, ulionyesha kwamba uonevu kazini ulichangia. Mwezi huohuo serikali ikatangaza kwamba kamishna atageuzwa kuwa ombudsmani mwenye nguvu zaidi. Sheria ikapita mwaka 2015, na Nicola Williams akawa wa kwanza Januari 2016.

Safari hii nguvu zilikuwa za kweli, ingawa zilikuwa nusu. Ombudsmani aliweza kuchunguza kama malalamiko yalikataliwa isivyo haki, kama yalicheleweshwa, na, jeshi likishamaliza kuamua, kama liliamua vibaya. Hakuweza kuanza mwenyewe. Ilibidi kwanza askari alalamike rasmi kwa wakubwa wake, avumilie utaratibu wa ndani hadi mwisho, ndipo amfikie mtu wa nje. Lengo la jeshi lilikuwa malalamiko tisa katika kila kumi yamalizike ndani ya wiki 24. Miaka ilipita lengo hilo likiwa halifikiwi, na Williams, kama mtangulizi wake, aliandika kila mwaka kwamba utaratibu haujawa wa haki wala wa ufanisi. Aliomba ruhusa ya kuchunguza matatizo makubwa bila kungoja mlalamikaji. Hakupewa.

Ripoti hizo zina jambo linalowahusu kwa karibu wasomaji wa Kiswahili waliopo Uingereza. Wanawake, waliokuwa takriban mmoja katika kila wanajeshi kumi, walitoa takriban lalamiko moja katika kila matano, na askari wa jamii za wachache nao walionekana mno katika orodha ya walalamikaji. Ndani ya kundi hilo wamo vijana wa Jumuiya ya Madola, Wakenya wakiwamo, ambao haki yao ya kubaki nchini hutegemea kutimiza miaka minne ya utumishi. Kuruta aliyezaliwa Leeds akishindwa kuvumilia anarudi kwa mama yake Leeds. Yule wa Eldoret akiondoka mapema anaipoteza kazi na haki ya kukaa kwa pigo moja. Kila mtu bwenini anajua hivyo, na mwonevu anajua zaidi. Hakuna kanuni ya malalamiko iliyoandikwa ikimfikiria mtu wa namna hiyo, na si ajabu kwamba wengi hunyamaza.

Kunyamaza kulipimwa hatimaye na Bunge. Mwaka 2021 kamati ndogo iliyoongozwa na Sarah Atherton, mbunge aliyewahi kuwa askari, ilipewa ruhusa adimu ya kuwahoji wanawake walio kazini. Zaidi ya wanawake 4,000, wa sasa na wa zamani, walileta ushahidi. Karibu theluthi mbili ya waliostaafu, na asilimia 58 ya waliokuwa bado kazini, walisema wamepata uonevu, unyanyasaji, ubaguzi au kushambuliwa kijinsia katika utumishi wao. Wengi hawakuwa wamelalamika popote. Kamati ilitaka mashitaka ya ubakaji yaondolewe katika mahakama za kijeshi na yapelekwe katika mahakama za kiraia. Serikali ilikataa.

Ripoti hiyo ilitoka Julai. Mwezi huohuo Jaysley Beck, askari wa mizinga mwenye miaka 19, alishambuliwa kijinsia na ofisa mwandamizi asiye na kamisheni wakati wa mazoezi. Alifanya kila kitu ambacho makaratasi yalimtaka afanye: alitoa taarifa. Shauri halikupelekwa polisi. Lilimalizwa kikosini kwa adhabu ndogo, na yeye akapokea barua ya kuombwa radhi. Miezi iliyofuata mkubwa wake mwingine alimwandama kwa maelfu ya ujumbe wa simu. Desemba 2021 alikutwa amekufa chumbani kwake katika kambi ya Larkhill. Mwezi Februari 2025 mchunguzi wa vifo alitamka kwamba kushindwa kwa jeshi kuchukua hatua kulichangia kifo chake. Mtu aliyemshambulia alikiri kosa mahakamani mwaka huohuo, zaidi ya miaka minne baada ya tendo lenyewe.

Kifo hicho kilitokea miaka sita baada ya ombudsmani kuanza kazi. Ofisi ilikuwepo, namba ya simu ilikuwepo, vipeperushi vilibandikwa ukutani. Palipokosekana kitu ni kati ya taarifa ya kwanza na mtu wa nje, pale ambapo wakubwa wa kikosi waliachiwa kuamua kama jambo lililotokea ni kosa la jinai au ni utovu wa adabu. Mtu wa nje anayekuja baada ya kikosi kumaliza shauri anakuta shauri limekwisha, na pengine mlalamikaji naye.

Huko nyuma wazazi wa Deepcut hawakuwa wamekaa kimya. Familia ya Cheryl James ilipigana hadi Mahakama Kuu ikafuta uamuzi wa 1995, na mwaka 2016 kikao kipya kikafanyika kwa miezi badala ya saa moja. Uamuzi ukawa kwamba alijiua. Kwa Benton mwaka 2018, na kwa Gray mwaka 2019, ikawa vivyo hivyo. Kuna waliosema kwamba basi kelele zote zilikuwa za bure. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Vikao vile viliweka kwenye kumbukumbu za mahakama, kwa kiapo, maisha ya kambi yalivyokuwa, na jeshi likakiri kwamba halikuwalinda vijana lililokabidhiwa. Jibu lilelile, likitolewa na mtu asiye na maslahi baada ya kusikiliza kila shahidi, si jibu lilelile. Kama lingetolewa hivyo mwaka 1995, wazazi wale wangeomboleza miaka ishirini mapema, na huenda watu wangeiangalia kambi ile kwa makini kabla ya 2001.

Tarehe 3 Septemba 2025 Uingereza ilipata hatimaye Sheria ya Kamishna wa Majeshi. Mawaziri walioipeleka bungeni walisema bila kificho kwamba mfano wao ulikuwa Ujerumani. Kamishna anaweza kuchunguza masuala ya jumla yanayogusa hali ya askari bila kungoja lalamiko, jambo alilolililia Williams. Jamaa za askari nao wanaweza kumfikia. Na anaweza kuingia katika majengo ya jeshi, hata bila taarifa pale taarifa itakapoharibu lengo la ziara, isipokuwa Waziri akizuia kwa sababu za usalama wa taifa. Kutoka Nagold hadi hapo ni miaka 62.

Mamlaka hayo ya kuingia, hata hivyo, yametungwa kwa majengo yaliyo ndani ya Uingereza. Jeshi lake linakaa pia Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, ambako maelfu ya askari hufanya mazoezi kila mwaka. Mwaka 2012 Agnes Wanjiru, mama kijana wa mtoto mchanga, alionekana mara ya mwisho akiwa na askari wa Kiingereza katika hoteli moja ya mji huo, na mwili wake ukakutwa ndani ya tangi la maji machafu. Mwaka 2019 hakimu wa Kenya alitamka kwamba aliuawa, na kwamba wauaji walikuwa askari wa Kiingereza, mmoja au wawili. Miaka miwili baadaye gazeti la London liliandika kwamba habari za mauaji hayo zilikuwa zikijulikana muda mrefu miongoni mwa askari wa kikosi husika, na kwamba zilifanyiwa mzaha. Mwezi Septemba 2025, wiki chache baada ya sheria mpya kutiwa saini, Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa hati ya kumkamata raia mmoja wa Uingereza.

Askari aliyesikia mzaha ule bwenini na kuchukizwa nao alikuwa na nani wa kumwambia, mwaka 2012, ambaye hakuwa amevaa sare ileile? Kamishna wa wakati huo angeipokea barua yake na kuirudisha kwa kamanda wa kikosi. Na jamaa wa Agnes kule Nanyuki hawamo katika sheria ya zamani wala katika ile mpya, kwa kuwa zote mbili zinawataja wanajeshi, na ile mpya ikaongeza jamaa zao, basi.